Shuka za Mkono Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumeitwa ofisini kwa Mwalimu wa Ajira, mimi na Mama. Huyu ndiye anayetutafutia kazi sisi wa kitengo maalumu pale chuoni, na kwa jinsi anavyozitafuta utadhani zimefichwa chini ya meza yake, maana hainuki.

Akamuuliza Mama, "Anapenda nini?" Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao. Mama akajibu, "Anapenda shanga." Sijawahi kupenda shanga tangu nizaliwe. Chumba cha shanga kiko mwisho wa korido, na anayemaliza mafunzo bila kupata kazi hurudishwa humo "kwa muda". Kuna dada alianza kutunga shanga nikiwa bado sijui kusoma, na mpaka leo yuko humo kwa muda.

Upande wangu wa kushoto umekakamaa tangu kuzaliwa. Mkono wa kushoto nauita Bosi: hafanyi kazi yoyote, lakini kila mahali lazima awepo. Maneno yangu nayo hutoka polepole. Watu husubiri neno la pili, wakachoka, wakamalizia wenyewe, na mara nyingi humalizia jambo ambalo sikutaka kulisema. Kwenye daftari hili hakuna wa kunimalizia.

Nikasema, "Nataka kwenda kwenye kiwanda cha kufulia." Ilichukua muda. Mama alitaka kuingilia, nikamkanyaga mguu. Mwalimu akamtazama Bosi, kisha akatabasamu lile tabasamu la kutembelea wagonjwa.

"Kufua kunataka mikono, mwanangu."

"Ninayo," nikasema.

Kila siku tukienda chuoni tunapita nje ya kiwanda kile. Mvuke unatoka madirishani, na ndani watu wanachekana huku wanafanya kazi. Nataka kuwa mle. Nataka nirudi nyumbani nimechoka kwa jambo la maana, nitupe viatu mlangoni kama kaka yangu, na mtu aniambie niviokote.

Mwalimu amekubali kwa shingo upande. Nitajaribiwa mpaka mvua za masika ziishe, kwa sharti moja: nisindikizwe na Bi Pole. Bi Pole ni mama wa chuoni anayetupeleka kazini na kuturudisha. Tumempa jina hilo kwa sababu kila sentensi yake huanza na pole na kuishia na pole.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza. Buti za kazini zinanibana kidole gumba. Mama anasema zitatanuka. Nimezivaa mpaka mezani.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kwanza. Kiwanda ni ukumbi mrefu wa bati, na mvua ikinyesha watu wanaongea kwa ishara. Kwanza kuna mashine za kufua, kisha za kukaushia, kisha meza za kukunjia, mwisho stoo. Shuka ni za hospitali na za hoteli, na zinakuja kwa malori. Anayeendesha mashine za kukaushia wanamwita Mrefu. Ni mfupi kuliko mimi.

Msimamizi ni mama mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili. Akanieleza taratibu. Hapa wanakunja wawili wawili. Wanasimama wakitazamana, kila mmoja ameshika ncha mbili, wanavuta, wanakung'uta, wanakutana katikati kama watu wanaosalimiana. Kila wawili wana kitambaa cha rangi yao cha kufungia marundo. Rundo likirudishwa na mteja hakuna kesi, rangi inatoa ushahidi. Mimi nimepewa rangi ya chungwa. Hakuna aliyeitaka, inaonekana mno.

"Mwenzako nani?" Msimamizi akauliza.

Bi Pole akadakia, "Mimi nitakuwa karibu tu, mama. Kazi ni yake, mwenyewe."

"Sawa. Masika yakiisha mkunjaji mmoja anahama na mumewe. Nafasi ni hiyo moja. Nitatazama marundo, sitatazama sura."

Nilimpenda hapo hapo.

Kukunja peke yangu nilijifunza nyumbani. Ncha moja naibana kwa kidevu, tumbo naliegemeza mezani, mkono wa kulia unazunguka kutafuta ncha ya pili, na Bosi anakandamiza. Hilo analiweza, ana uzito. Kwa kuwa mkono wa kulia ndio unaoanza, upindo mpana wa shuka unaishia kushoto. Wanaokunja wawili wawili, upindo wao unaishia kulia. Nikamuuliza Msimamizi kama hilo ni kosa.

"Mgonjwa akishalala juu yake hajui upindo ulikuwa wapi," akasema, akaenda zake.

Alhamisi, 20 Machi

Msimamizi kasema marundo ya chungwa yamenyooka. Nimetembea mpaka nyumbani bila kufungua mwavuli. Mama amenikaripia, nami nikacheka mpaka akacheka.

Jumanne, 25 Machi

Shuka. Mvua. Shuka.

Jumatano, 2 Aprili

Mwalimu wa Ajira amekuja kututembelea. Amempiga picha Bosi akiwa juu ya shuka. Akamuuliza Bi Pole, "Anaendeleaje?"

"Anaendelea kusimama hapa," nikasema. Mrefu aliyekuwa anapita na kapu alicheka mpaka akamwaga foronya.

Mwalimu amesema anaandika ripoti nzuri, tena nzuri sana. Bi Pole alifurahi kuliko mimi, machozi yakamlengalenga. Ana huruma huyu mama. Kila tunapoitwa kwenda kunywa chai ananiambia, "Nenda kapumzike, mwanangu, mimi nitafunga vitambaa." Huruma yake inakaba kidogo, lakini ni huruma, nami namruhusu.

Ijumaa, 11 Aprili

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mwandiko utakuwa mbaya. Uwe mbaya.

Asubuhi lori la hospitali lilikuja, Mrefu akaniomba nimsaidie kutoa marundo stoo. Nikaenda moja kwa moja kwenye yale ya chungwa, maana ni yangu, nilitaka kuyabeba mwenyewe. Moja lilikuwa limelegea kitambaa. Nilipokuwa nalifunga upya nikaona upindo. Ulikuwa kulia.

Nikadhani wamechanganya. Nikafungua rundo la pili: kulia. La tatu, vilevile. Nikaanza kufungua moja baada ya jingine, nikitafuta hata shuka moja yenye upindo wa kushoto, kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni. Hakuna. Katika stoo nzima hapakuwa na shuka niliyoikunja mimi.

Mrefu akarudi kutoka kwenye lori. "Vipi, dada?"

Nikamwonyesha. Akakuna kichwa.

"Mimi nilijua," akasema. "Karibu wote tunajua."

"Na Msimamizi?"

"Yule si anatazama marundo."

Walipotuita kwenye chai nilitoka kama kawaida, kisha nikazunguka nyuma na kusimama dirishani. Bi Pole alitazama huku na huku. Akachukua rundo langu la asubuhi, akafungua shuka ya kwanza, akaikung'uta, akaikunja upya. Mikono yake ni myepesi. Aliikunja vizuri sana, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nikaingia.

"Unafanya nini, Bi Pole?"

"Pole, mwanangu. Nanyoosha kidogo tu."

"Zilikuwa zimepinda?"

"Kidogo."

"Ungeniambia."

"Nikwambie ulie?" Hakuiachia ile shuka. "Unajua nimewasindikiza vijana wangapi kazini? Unajua kurudi nao kukoje? Mtoto anatazama nje ya dirisha njia nzima na mimi sina la kumwambia. Nilisema huyu, hapana. Huyu harudi."

"Basi kazi umeipata wewe," nikasema. "Mimi bado naitafuta."

Akaiachia ile shuka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akimaliza mazungumzo bila pole.

Jumamosi, 12 Aprili

Mama anasema ninyamaze. "Ripoti ni nzuri, Msimamizi ameridhika. Ukishaandikwa utajifunza taratibu. Nani kakutuma ujichome mwenyewe?"

Nikamwambia, "Siku Bi Pole akishikwa na mafua, mimi ndiye nitakayekosekana kazini?"

"Mimi sitaishi milele," akasema Mama. "Nataka siku nikiondoka uwe na mahali."

Najua anaogopa. Anaogopa tangu siku aliyonizaa, na ameogopa kwa ajili yangu mpaka hakuniachia nafasi ya kuogopa mwenyewe. Lakini mahali anapopasema ni pa Bi Pole. Nimekataa. Amepakua chakula bila kunitazama, na sufuria zimepigwa leo kuliko zilivyosuguliwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilifika kabla ya wengine. Msimamizi alikuwa anafungua milango.

"Mama, marundo ya chungwa siyo yangu. Nakunja mimi, kisha Bi Pole anafumua na kukunja upya. Zangu hujawahi kuziona."

Alinisubiri mpaka neno la mwisho. Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Wote."

Wenzangu walipoingia aliwatazama mmoja mmoja. Sijawahi kuona watu wakikunja kwa bidii namna ile.

Akampigia simu Mwalimu wa Ajira, naye akaja mbio, shati limelowa mgongoni. Aliinuka kumbe, huyu mtu. Akanivuta pembeni. "Ripoti nimeshaandika kwamba umemudu kazi bila msaada. Kwa nini unajiharibia?"

"Hiyo ripoti ni ya Bi Pole," nikasema. "Mpe yeye kazi."

Msimamizi alicheka kwa pua. "Huyu binti aje peke yake mpaka masika yaishe. Nataka kuona anachokunja."

Mwalimu akasema chuo hakiruhusu mwanafunzi kwenda kazini bila msindikizaji.

"Msindikizaji aje. Kuna benchi hapo nje. Asivuke mlango."

Bi Pole alikwenda kukaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Sikumhurumia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, 15 Aprili

Vibaya. Rundo langu limelala upande kama mlevi.

Jumatano, 16 Aprili

Vibaya. Wengine wameshamaliza za hoteli, mimi bado niko na za jana.

Alhamisi, 17 Aprili

Hoteli imerudisha marundo. Ya chungwa yote. Ya bluu moja pia, na wale wawili wa bluu walipigiwa kelele mpaka bati likatikisika. Kisha Msimamizi akaja kwangu, akashusha sauti, akasema kwa upole, "Jitahidi, binti." Afadhali angenipiga kwa shuka. Sauti hiyo naijua. Ndiyo ya Mwalimu, ndiyo ya madaktari, ndiyo ya kila mtu aliyeshakata tamaa nami na anaona aibu kuniambia.

Sikulia kiwandani. Nililia nyumbani, mlango nimeufunga. Mama alisimama nje ya mlango, akaondoka bila kusema "nilikwambia". Namshukuru kwa hilo.

Jumanne, 22 Aprili

Tatizo langu ni kidevu. Kinashika ncha moja tu, na nikigeuka kinaiachia. Tena shuka zenyewe msimu huu hazikauki vizuri, ni nzito, zinateleza. Nimekuwa najilaumu kwa kukosa mkono, kumbe ninachokosa ni kitu cha kushika upande wa pili.

Leo bomba la mvuke lilivuja, Mrefu akalibana kwa vibanio vya chuma, vile vyenye meno na springi. Nikamwomba viwili. Nikavifunga kwenye ukingo wa meza, kila kimoja pembe yake. Vibanio vinashika ncha mbili, mimi navuta kwa mkono wa kulia, Bosi anakandamiza katikati, kisha naileta shuka kwenye vibanio.

"Mwenzako sasa ni meza," Mrefu akasema. "Huyo hachoki wala hasengenyi."

Msimamizi akaja. "Nani kaniwekea vyuma kwenye meza? Hapa tunakunja wawili wawili."

"Mama, mimi sina wa pili. Hakuna anayetaka kukunja nami, nitamchelewesha, na sitaki anayenikunjia. Niachie meza."

"Vikichana shuka ya hoteli?"

"Nimevizungushia kitambaa."

Alivigusa kwa kidole. "Mpaka Ijumaa," akasema.

Jumatano, 30 Aprili

Ijumaa ilipita na vibanio havikuondolewa. Marundo yamenyooka. Upindo uko kushoto. Bado nachelewa.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua ya leo si ya mchezo. Barabara imekatika, nusu ya watu hawakufika, na lori la hospitali lilikuwa linasubiri nje, injini inanguruma. Waliofika walianza kutafuta wenza, na waliokosa wenza wakakaa juu ya makapu. Mimi nilikuwa nimeshaanza. Dada mmoja wa kijani aliyekosa mwenzake alikuja kujaribu kibanio changu, akakunja shuka chache, akarudi kukaa. "Hii inachosha," akasema. Nikamwambia ndiyo, inachosha.

Msimamizi alipita mezani kwangu, akarudi, akapita tena.

Nilipotoka kwenye chai nilimkuta Bi Pole kwenye benchi, maji yanamchuruzika kichwani. Alikuwa ametembea kutoka kule barabara ilikokatika. Angeweza kabisa kubaki nyumbani. Nikampelekea kikombe.

"Nimekuwa nachungulia dirishani," akasema. "Kuna moja uliyoipinda."

"Niliiona."

"Ukairudia?"

"Nikairudia."

Akanywa chai. "Mlango sikuvuka."

"Najua, Bi Pole."

Nilikaa naye mpaka chai ikaisha. Nilikuwa nimemweka katika kundi la watu wanaonidharau. Sidhani kama yumo tena. Alinipenda vibaya, na leo amejikaza anipende vizuri, na inaonekana ni kazi ngumu.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua inapungua. Jioni Mama ameniuliza, "Kesho mna za hospitali au za hoteli?" Hivyo tu, huku anamenya viazi, kama anavyomuuliza kaka. Nikajibu za hoteli. Buti zangu zilikuwa mlangoni, akaniambia niziokote.

Jumatatu, 26 Mei

Mkunjaji anayehama ameaga leo. Kila mtu ananitazama. Msimamizi hajasema kitu. Nimesikia kuna wasichana wawili wazima wa mikono walikuja kuulizia nafasi.

Ijumaa, 30 Mei

Siku ya mwisho ya majaribio. Kulikuwa na jua kali, tena bila haya, baada ya kutunyeshea muda wote ule. Nilikunja mpaka jioni na hakuna aliyenieleza lolote. Aproni sikuvua. Nilikuwa nimeamua kwamba anayetaka nivue aje anivue.

Mwalimu wa Ajira akaingia na Bi Pole nyuma yake. Gari la chuo lilikuwa nje. Akamtafuta Msimamizi, akaanza hotuba.

"Tunakushukuru, mama, kwa kumpa mwanafunzi wetu nafasi ya kuonja kazi."

Kuonja, kama vile kazi ni mchuzi. Msimamizi alimwambia asubiri, akaingia stoo. Mwalimu akanigeukia. "Usihuzunike. Chumba cha shanga kimepakwa rangi mpya."

"Sirudi kwenye shanga," nikasema. Alifungua mdomo, nikamwinulia kiganja. Niliyasema yote, kwa mwendo wangu. "Hata kama hapa hawanitaki, sirudi. Vibanio nitanunua vyangu. Nitazunguka kiwanda kwa kiwanda, niwaonyeshe. Ukitaka kunisaidia, nipe anwani zao. Kama hutaki, nitauliza njiani."

Mwalimu alimtazama Bi Pole amwokoe. Bi Pole alitazama meza.

Msimamizi akatoka stoo na rundo la chungwa mikononi. Akalitupa mezani kwangu, vibanio vikaruka.

"Hii nini?"

Ilikuwa ile sauti ya mtaa wa pili. Hajawahi kuitumia kwangu.

"Hoteli wamerudisha. Tazama huo upindo ulivyochomoza. Ulikunja huku unalala? Ya nani hii?"

"Yangu."

"Najua ni yako, macho ninayo. Unataka nipoteze mteja? Rudia zote, hivi sasa, na huondoki mpaka nizikague. Jumatatu ukinikunjia hivi tutagombana mimi na wewe."

"Jumatatu?" akauliza Mwalimu.

"Kwani Jumatatu ni sikukuu?" Msimamizi akamtazama juu mpaka chini. "Mfanyakazi wangu ana kazi. Wewe una haja gani tena?"

Mwalimu akatoka kwenda kwenye gari. Wale wawili wa bluu walikuwa wanacheka chinichini, na walikuwa wananicheka mimi, kwa kupigiwa kelele. Sijui kama niliwahi kuwa na furaha kama ile. Nilitaka kupiga kigelegele, nikajizuia, maana nilikuwa nimekosea kweli, upindo ulikuwa umechomoza.

Nikafungua shuka ya kwanza na kuibana. Bi Pole alikuwa amesogea mpaka mezani, na mkono wake ukanyooka wenyewe kushika ukingo. Nikamtazama. Akaurudisha. Akavuta kigoda, akakaa, akaiingiza mikono yote miwili chini ya mapaja yake na kuikalia.

Gari lilipiga honi nje. Hakuna aliyetoka, mimi wala yeye. Nilizirudia zote. Msimamizi alikuja, akazikagua moja baada ya nyingine, na ya mwisho akanirushia tena.